Ardhi Iliyochakaa na Usalama wa Taifa

Litajwapo neno "usalama wa taifa", wengi wetu hufikiri juu ya majeshi, mipaka na silaha. Hata hivyo, taifa laweza kudhoofika bila ya adui yeyote kuvuka mpaka. Na tuutazame Mkoa wa Shinyanga, penye maeneo kama Didia.

Zamani sehemu kubwa ya mkoa huu ilikuwa na miombo na migunga. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, waenezao malale na nagana. Baadaye yaliongezeka mashamba ya pamba, mifugo na mahitaji ya kuni. Ardhi ikiwa wazi, hakuna majani ya kupunguza nguvu ya matone ya mvua wala mizizi ya kuushika udongo. Maji hutiririka badala ya kupenya chini, yakichukua rutuba. Mavuno hupungua, na malisho hukauka mapema.

Hapo ndipo suala la mazingira linapogeuka kuwa suala la usalama. Mfugaji akosaye malisho huhama, na aendako hukuta mashamba ya wengine. Ugomvi wa namna hiyo waweza kuleta maafa makubwa: mwezi Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima huko Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa.

Dawa yake je? Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mradi huo ulihimiza ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili itumike kiangazi. Mahali palipopumzishwa, visiki na mizizi iliyobaki ardhini ilichipua tena. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Sungusungu, walioanza kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakawa pia walinzi wa ngitili.

Mwalimu aweza kulidhihirisha jambo hili darasani. Chukua visanduku viwili vyenye udongo, kimoja kikiwa na nyasi zilizoota. Viinamishe sawasawa, umwagie kila kimoja maji ya kiasi kilekile, kisha wanafunzi walinganishe maji yatokayo. Yale yaliyo mekundu kwa udongo ndiyo chakula cha kesho kinachopotea.