Kupakia Kompyuta ya Kuigiza: Kitenzi Kimoja na Kazi Yake

Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Kizuka, mwambao wa Rumonge, alipewa zoezi la kueleza kwa Kiswahili jinsi kompyuta ya kuigiza inavyoamka. Aliandika kwamba programu "hupakiwa" katika kumbukumbu, akaishia hapo. Kitenzi ni sahihi. Maelezo ndiyo hayatoshi, kwani mashine iliyopakiwa vibaya haiamki, na mara nyingi haisemi kwa nini.

Kompyuta ya kuigiza ni programu inayojifanya mashine kamili ndani ya mashine nyingine. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ni mfano maarufu. Tuchukue mashine yake iitwayo "virt", ya prosesa za ARM. Kumbukumbu yake haianzii kwenye sifuri bali kwenye anwani ya gigabaiti 1. Humo huwekwa vitu vitatu: kiini cha mfumo, diski ndogo ya muda yenye mafaili ya kuanzia, na orodha ya vifaa inayokieleza kiini mashine ina nini.

Kwa nini vipangwe kwa uangalifu? Hapa mwanafunzi angetumia ya kwao. Wavu mkavu uliokunjwa hukaa pembeni mwa mtumbwi. Ukivutwa kutoka ziwani na ndagala ndani yake, unataka nafasi nyingine kabisa. Aliyekwisha kujaza madumu pale ana kazi. Kiini nacho mara nyingi huja kimebanwa, na kikianza kazi hujikunjua kikawa kikubwa zaidi. Kikikuta diski ya kuanzia jirani, huandika juu yake bila onyo. Basi skrini hubaki nyeusi, au mashine hulalamika kuwa haioni mafaili yake.

QEMU hujikinga kwa kuiweka diski hiyo mbali: kwa kawaida nusu ya kumbukumbu au megabaiti 128 kutoka mwanzo, lile lililo dogo. Mashine ya megabaiti 512 huiweka kwenye 128. Ya megabaiti 128 huiweka kwenye 64.

Walimu waangalie pia "kupakua". Mtumbwini ni kinyume cha kupakia, lakini kwenye kompyuta neno hilo limeshachukuliwa na kuleta faili kutoka intaneti. Kwa kumbukumbu, tuseme "kuondoa".

Zoezi limerudishwa kwa mwenyewe aongeze anwani.