Tozo ya Ufundi Ikishuka, Chuo Kinabaki na Nini?

Kiwanda cha chai katika milima ya Amani, wilayani Muheza, huendeshwa kwa kukimbizana na saa. Majani mabichi yakitoka shambani hunyaushwa, hukatwa kwa rola, huchachushwa, kisha hukaushwa. Rola ikikwama, au mota ya feni ikiungua, mzigo wa siku nzima waweza kuharibika kabla fundi hajapanda kutoka Tanga mjini. Fundi mitambo na fundi umeme wanaoishi jirani na kiwanda ni mtaji, sawa na mashine zenyewe. Na ni katika kiwanda kama hiki ndipo sheria ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi inaonekana kwa macho. Mchumaji, ambaye kazi yake ni ya shambani tu, mshahara wake hauhesabiwi katika tozo. Akihamishiwa kusindika majani, au akipewa usimamizi wa shamba, mshahara uleule unaingia kwenye hesabu, na mwajiri anaulipia tozo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kila mwezi.

Hoja ya kiuchumi iliyozaa tozo hii ni imara. Mwajiri anayemfundisha kijana kuchomelea hubeba gharama zote: muda wa fundi mkuu, vyuma vinavyoharibika, umeme. Kijana akishaiva, mwajiri wa pili humchukua kwa kumwongezea mshahara kidogo tu. Kila mmoja akingoja mwenzake afundishe, mwishowe hafundishwi mtu. Ndiyo maana wote hulazimishwa kuchangia. Brazil ilianza mwaka 1942 kwa kuunda SENAI, taasisi ya mafunzo ya viwandani inayoendeshwa na wenye viwanda wenyewe kwa mchango wa asilimia 1 ya mishahara. Kenya hutoza shilingi 50 za huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Tanzania, iliyoiunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) kwa sheria ya mwaka 1994, ilifika mbali zaidi: tozo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, ikashushwa hadi 5 mwaka 2013, ikawa 4.5 mwaka 2016, na tangu 2023 ni 3.5. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10 waliondolewa kabisa. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa wanne.

Waajiri walilalamika kwamba mzigo ni mkubwa, na walikuwa na haki. Tozo juu ya mishahara huifanya ajira rasmi kuwa ghali, na humsukuma mwenye karakana ndogo kuwaweka vijana kazini bila mkataba. Lakini mjadala wetu wote umekuwa juu ya kiwango, wakati tatizo kubwa liko kwenye mgawanyo. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya fedha hizi imekuwa ya VETA. Theluthi mbili zimekwenda Hazina, na sehemu kubwa ya hizo imegharamia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Tuchukue kwa mfano kiwanda chenye mishahara ya shilingi milioni 30 kwa mwezi. Kwa asilimia 6 kililipa milioni 1.8, na VETA ikapata 600,000. Kwa asilimia 3.5 kinalipa milioni 1.05, na VETA inapata 350,000. Mwajiri amepumua, na kwangu hilo ni jema. Chuo cha VETA, ambacho hakikuwa chanzo cha uzito ule, kimepoteza karibu nusu ya fungu lake kutoka kiwandani hapo, wakati serikali inajenga vyuo vipya vya wilaya 63 na kimoja cha mkoa wa Songwe.

Wapo watakaosema vyuo vijitegemee kwa ada na kwa kazi za karakana. Ada ya VETA imewekwa chini makusudi ili mtoto wa mchumaji aimudu, na ufundi haufundishwi kwa chaki: kila mwanafunzi wa uchomeleaji anateketeza vyuma na elektrodi siku nzima ili mkono uzoee. Karakana ikigeuzwa duka, mwanafunzi anayeharibu vifaa anakuwa hasara, naye bila kuharibu hajifunzi. Wengine watasema mikopo ya chuo kikuu nayo ni uwekezaji. Ni kweli, na inastahili kugharamiwa kwa kodi ya jumla, si kwa fedha iliyokusanywa kwa jina la ufundi.

Pingamizi zito zaidi ni la soko. Wafugaji wa vipepeo wa Amani walijifunza kazi ngumu ya kulea viwavi na kusafirisha pupa nje ya nchi; marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyama hai ikawafungia mlango, wakabaki na ujuzi usio na mnunuzi. Mafunzo pekee hayaleti ajira. Ndiyo sababu naona sehemu ya tozo irudi kulekule ilikotoka, ikilipia uanagenzi ndani ya viwanda ambako kazi tayari ipo, chuo kikifundisha nadharia na kutoa cheti. Na sheria isitaje tena theluthi. Itamke kwamba asilimia 2 ya mishahara inayotozwa ni ya ufundi stadi, kama VETA ilivyopata enzi za asilimia 6. Serikali ikitaka kuwapunguzia waajiri, ipunguze fungu la Hazina.