Betri ya Mvuvi Nayo Inahitaji Kushonwa

Samaki aitwaye sambaza huvuliwa kwa mwanga. Usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huingia Ziwa Kivu na kuwasha taa; viumbe vidogo vya majini huufuata mwanga, na samaki huvifuata hadi juu ya wavu unaowangoja. Samaki huyu alitolewa Ziwa Tanganyika akapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na taa ikawa chombo cha kazi sawa na kasia. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta. Sasa taa za LED zenye betri zinaendelea kushika nafasi yake. Lakini chombo kimebadilika haraka kuliko desturi ya kukitunza. Wavu ukitoboka leo, unashonwa leo. Betri huachwa na uchafu wake mpaka ife, kisha lawama zote zinamwendea aliyeiuza. Hilo ni kosa. Kutunza betri na taa ni sehemu ya uvuvi, na kunastahili kutengewa muda kila siku kama kushona wavu.

Itazame betri ya asidi ya volti 12 inaporudi ufukoni alfajiri. Juu ya vichwa vyake, pale waya unapofungwa, hutokea unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme, taa ikafifia hata kama chaji ipo. Fungua waya ukianza na wa hasi, sugua kwa brashi na maji yenye bikabonati ya kupikia huku vifuniko vimefungwa, suuza, kausha, kaza waya, kisha paka vazelini. Kama ni betri ya kufunguliwa, angalia maji ndani. Yakipungua ongeza maji ya betri yasiyo na madini, kamwe usiongeze asidi wala maji ya ziwa. Maji ya Kivu, ziwa lililozungukwa na ardhi ya volkano, yamebeba chumvi nyingi, na chumvi hizo huharibu sahani za risasi zilizomo ndani. Hatari nyingine ni kuikamua betri mpaka taa izime. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7; ikilala tupu, sahani zake hushikwa na ukoko mgumu, na kadiri siku zinavyopita ukoko huo hukataa kutoka.

Wapo watakaosema tatizo ni betri hafifu zinazouzwa sokoni. Ni kweli zipo, lakini mvuvi mwenye vichwa safi na vipimo vya volti alivyoandika kila alfajiri ana ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Mwenye betri chafu hana la kudai. Wengine watataja umaskini. Mita moja ya kupimia volti inaweza kutumiwa kwa zamu na timu kadhaa za ufuko mmoja, na brashi na kitambaa si vitu vya kukopea fedha. Wengine watasema umeme wa Bukavu, mji wa ufukoni mwa Kivu, hukatika mno, kwa hiyo usafi hausaidii. Hoja hiyo inajipinga yenyewe: chaji inayopatikana kwa shida ndiyo isiyofaa kupotelea kwenye waya wenye kutu. Adui yetu ni unyevu, na unyevu hushindwa kwa kitambaa kikavu.

Kuna pia suala la afya. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, basi ichajiwe penye hewa, mbali na jiko na sigara. Iliyokufa ina risasi, sumu inayodhuru zaidi ubongo wa mtoto. Isitupwe ziwani wala isivunjwe uani. Ndugu mvuvi, kabla ya kutoa fedha ya betri mpya, safisha vichwa vya ile ya zamani, ijaze chaji, ipumzishe, kisha ipime.