Je, Wajua? Safari ya Damu Iliyovilia

Wajua kwamba mtu aliyeteleza mvuani katika vilima vya Kasulu au Kibondo, akaangukia paja pamoja na baiskeli na shehena yake ya ndizi, aweza kukaa siku mbili tatu asione alama, kisha weusi ukadhihiri karibu na goti, mahali asipoumia kabisa? Damu iliyovuja ndani ya nyama hushuka taratibu kwa uzito wake. Na mwili, ukiivunja himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, huigeuza biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano, ambayo ni rangi ile ile ya nyongo, ingawa katika ngozi nyeusi kidole hutambua ugumu kabla ya jicho kuona rangi. Ama ada ya kuukanda uvimbe kwa maji ya moto siku ile ile, japo hufanywa kwa huruma, ina madhara: huzidisha kuvuja, na nyama iliyosuguliwa mapema huweza, baada ya majuma, kuota mfupa ndani yake. Kitambaa cha maji baridi hufaa zaidi siku mbili za mwanzo, na aspirini iachwe, kwani huzuia damu kuganda. Paja likizidi kukaza, au vidole vikifa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo.