Burundi: Wodi zilipogeuka rumande

Vita vikiwa havijaisha, mwaka 2002 serikali ya Burundi iliamua wagonjwa wajilipie gharama zote za matibabu katika sehemu kubwa ya nchi. Kadi ya matibabu ya familia, iliyoanza mwaka 1984 kwa faranga 500 kwa mwaka, ilikuwa imeshakataliwa na hospitali nyingi.

Asiye na fedha alitibiwa, kisha akazuiliwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji alibaki wodini na kichanga chake wiki kadhaa, pengine miezi, mlinzi akiwa mlangoni, naye akila kwa huruma ya wagonjwa wenzake. Wenye mali waliuza ng'ombe au shamba. Aliyevuka Manyovu akitoka kambini Kigoma angeuza nini?

Wanaharakati wa APRODH, waliozoea kuzuru magereza, waliingia hospitalini kuandika habari za wafungwa hao wasio na kosa. Mei 1, 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza huduma ya bure kwa wanaojifungua na watoto chini ya miaka mitano. Wengine wakaendelea kuzuiliwa, na Septemba APRODH na Human Rights Watch wakachapisha ripoti ya pamoja.

Mwaka 2012 kadi ilipanda hadi faranga 3,000. APRODH yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 2016.