Ametoka hospitali, lakini hajapona bado

Unamujua mutu huyu. Alilala hospitali kwa Korona, ao kwa homa kali ya mapafu, munganga akamurudisha nyumbani, na sisi tukamushukuru Mungu kanisani. Juma la pili tu watu wanamuuliza: "Unarudi shimoni lini?" PDG anamudai. Bibi yake anamukuta amelala saa ine ya asubui, anafikiri ni uvivu.

Si uvivu. Korona iliingia Kongo mwezi wa 3, 2020. Mwezi wa 10, 2021, OMS iliandika kwamba kwa wengine uchovu, kukatika pumzi na kusahau-sahau vinaonekana hata miezi 3 kisha ugonjwa kuanza, tena vinadumu miezi 2 na zaidi. Na yule aliyekaa siku mingi kitandani, nyama ya mikono na miguu yake imepungua.

Basi umusaidie namna hii. Pumzi ikikatika, akae, ainame mbele, mikono juu ya meza ao ya magoti. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama mutu anayepoza chai. Akiinua bidoni ya maji, atoe pumzi wakati wa kuinua, asiifunge ndani. Kutembea nako: leo mpaka kwa jirani, kisha siku kadhaa mpaka kisimani. Kama kesho yake anaamuka amechoka kupita jana, alipitisha kipimo, apunguze. Hapa wachimbaji wetu wanakosea sana, wanafikiri dawa ni kujikaza. Kuponda mawe kuwe kazi ya mwisho kabisa kurudilia, sababu vumbi yake inaharibu mapafu hata ya mutu muzima.

Wengine watakujibu: mama mukwe wa Petro aliinuka palepale, akawatumikia. Ndiyo, ni kweli. Lakini soma pia 1 Wafalme 19. Eliya alichoka, malaika akamupa mukate na maji, akalala tena, akaamushwa, akala mara ya pili. Ndipo akashika njia. Hakuna aliyemuita muvivu.

Kifua kikiuma, midomo ikigeuka bluu, muguu mumoja ukivimba, ao pumzi isipotulia hata amekaa, usingoje maombi ya jioni: umupeleke Nyankunde, Bunia, ao hospitali iliyo karibu, siku ileile. Kikohozi kikipita majuma 2, pamoja na jasho ya usiku na kukonda, makohozi yapimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu, na dawa yake kwetu Kongo ni ya bure.

Na wewe PDG, kama ukurasa huu umekufikia: mutu huyu anaweza kuhesabu mifuko akiwa amekaa kivulini, mbali na vumbi.