Mtoto Wako Anaingia Masomo: Je, Amechanjwa?

Mzazi, mwezi wa Septemba unapokaribia, unahangaika sana. Unatafuta fedha za daftari, na kalamu, na nguo ya buluu na nyeupe. Ni vizuri. Lakini liko jambo moja lisilouzwa sokoni, nalo wazazi wengi wanalisahau. Ni chanjo. Hapa tutasema hasa juu ya surua, maana ugonjwa huu huenea upesi mahali penye watoto wengi, na chumba cha masomo ni mahali pa namna hiyo.

SURUA INAAMBUKIZA NAMNA GANI?

Surua haitoki kwa jua kali, wala kwa uchawi, wala kwa kula nyama. Inaletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, vijidudu vinatoka pamoja na pumzi yake. Vinaweza kukaa hewani muda wa saa 2, hata kama yeye amekwisha kutoka chumbani. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu naye, hata 9 wanaweza kuambukizwa.

Tena mgonjwa anaanza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya vipele kuonekana. Siku zile ana homa, mafua, kikohozi na macho mekundu tu. Mama anasema, "Ni mafua, aende masomo." Basi mtoto anaketi kwenye benchi, amebanana na wenzake. Siku vipele vinapotokea, mwalimu anamrudisha nyumbani. Mwalimu amefanya vema, lakini wenzake wengi wamekwisha kuambukizwa.

NANI ANAUMIA ZAIDI?

Mwanafunzi wa miaka 7 mwenye nguvu huenda akapona. Lakini jioni anarudi nyumbani na kumbeba mdogo wake mgongoni. Mdogo huyo ana miezi 6. Kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua, na chanjo ya surua hutolewa mtoto anapofika miezi 9. Kwa hiyo ulinzi wake mkubwa ni huu: watu wa nyumbani mwake wasimletee ugonjwa. Surua ikimpata, inaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, kuhara kukali, upofu, au uvimbe wa ubongo. Wewe unayemchanja mwanafunzi wako, unamlinda pia yule wa mgongoni.

MAMBO YALIYOTOKEA KATIKA NCHI YETU

Mwaka 2019 surua ilifika katika provensi zote 26 za Congo. Tangu mwaka 2018 hata mwaka 2020 iliua zaidi ya watu 7,000, wengi wao watoto wasiofika miaka 5. Katika miaka ile ile, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 upande wa Kivu na Ituri. Watu wote waliogopa Ebola, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini surua, ugonjwa tuliouzoea, iliua kama mara tatu.

Sasa waulizeni wazee habari za ndui. Wengi wao wana kovu la chanjo yake mkononi. Ndui iliua watu wengi, na wengine waliopona walibaki na makovu usoni, au vipofu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika nchi yetu alionekana mwaka 1971. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani pote. Haikushindwa kwa kuchanja watoto wa matajiri peke yao. Wachanjaji walifuata watu mpaka vijiji vya mbali, na watu wakatoa mikono yao.

MANENO AMBAYO WAZAZI WANASEMA

"Chanjo inamletea mtoto homa." Ndiyo, watoto wengine wanapata homa kidogo au vipele vichache, navyo vinapita baada ya siku chache. Ni alama kwamba mwili unajifunza kupigana. Homa ya chanjo si kitu mbele ya surua yenyewe.

"Mtoto wangu alichanjwa mara moja, inatosha." Haitoshi. Katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 15 hawapati kinga. Ndiyo sababu mtoto anahitaji chanjo ya surua mara mbili.

"Amekwisha kuwa mkubwa, tumechelewa." Usijihukumu, wala usione haya. Mpeleke. Muuguzi atakuambia chanjo zipi bado zinamfaa.

FANYA HIVI KABLA YA SIKU YA KUANZA MASOMO

1. Tafuta karatasi ya chanjo ya mtoto. Iweke pamoja na karatasi yake ya kuzaliwa, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

2. Ipeleke kituo cha afya hata kama hujui kusoma. Uliza, "Amepata zote? Ipi inakosekana?" Pamoja na surua, uliza juu ya polio, pepopunda, kifaduro, dondakoo na homa ya manjano.

3. Kama karatasi imepotea au imeliwa na panya, nenda vilevile. Waeleze, nao watatazama kitabu chao na kukushauri.

4. Usikae nyumbani kwa kuogopa malipo. Chanjo za kawaida za watoto hutolewa bure.

5. Wapeleke pia wadogo zake siku ile ile.

KAMA SURUA IMEKWISHA KUINGIA

Usimpeleke mtoto masomo, wala kanisani, wala sokoni. Mpeleke hospitali upesi, lakini kwanza mwambie muuguzi ukiwa nje, ili asikae kati ya watoto wengine. Usimnyime maji, wala chakula, wala kumwogesha. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Hospitalini atapewa vitamini A, ambayo inalinda macho yake.

Mzazi, daftari likipotea utanunua lingine. Jicho la mtoto likipofuka kwa surua, hakuna duka la kulinunua. Leo, kabla hujalala, tafuta karatasi ile.